Kamati teule ikimtaja kiongozi bila kumhoji

SWALI: Tunabishana kuhusu kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond nchini Tanzania. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alilalamika kwamba hakuitwa kuhojiwa. Je, kamati inaweza kumtaja kiongozi kwenye taarifa bila kumsikiliza? Na angeitwa akagoma?

JIBU: La kugoma ni jepesi. Tanzania, Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaruhusu kumwita shahidi na kudai nyaraka, na kukaidi wito ni kosa. Kenya, Ibara ya 125 ya Katiba inazipa kamati nguvu za Mahakama Kuu katika kuita na kuapisha mashahidi. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000. Uwaziri si kinga.

La kumtaja ndilo gumu. Kamati teule haihukumu: inafuata hadidu za rejea (mipaka ya kazi iliyopewa), inapendekeza, Bunge linaazimia. Ndiyo maana wapo wanaosema mtuhumiwa atajitetea humo humo Bungeni. Kwangu hoja hiyo haisimami. Kamati hiyo ya Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, iliwasilisha taarifa tarehe 6 Februari 2008. Kesho yake Lowassa akasimama, akalalamika, akatangaza kuwa ameandika barua ya kujiuzulu. Pendekezo lilishafanya kazi ya hukumu kabla ya azimio. Hilo halifuti yaliyoandikwa kuhusu zabuni ya umeme wa dharura wa megawati 100. Lakini kamati ilimpa mlalamikaji silaha ya bure, na hadi leo, kama ninyi, watu wanabishania utaratibu badala ya mkataba.

Mngekuwa ninyi ndio kamati, kazi kama hii huanza na karatasi. Ombeni mihtasari ya vikao, barua na madokezo sabili (maelezo mafupi ya ndani ya ofisi), mkitaja kumbukumbu namba na tarehe. Ukiomba "nyaraka zote zinazohusika" utaletewa maboksi ya takataka. Kisha waiteni maofisa walioandaa nyaraka hizo, halafu katibu mkuu wa wizara. Waziri awe wa mwisho. Akitangulia, atatoa simulizi lake nanyi hamna cha kulipimia, na walio chini yake watakuja wamelikariri.

Swali nalo liegemee karatasi. "Ulishinikiza?" hujibiwa "hapana", basi. Mwekee dokezo mezani: "Neno 'tekeleza' hapa pembeni ni mwandiko wako? Uliliandika kabla au baada ya bodi ya zabuni kukaa?" Hapo hata kunyamaza kwake kunaingia kwenye kumbukumbu.

Rasimu ikikamilika, mpelekeeni kiongozi anayetajwa aya zinazomgusa tu, kwa siri, na siku 7 za kujibu. Jibu lake liambatishwe lilivyo. Asipojibu, andikeni tarehe aliyopokea barua na jina la aliyesaini kuipokea. Nani atalalamika tena?

Jambo moja husahaulika: kesi ya jinai inayoweza kufuata. Marekani, mwaka 1987, Oliver North, ofisa wa Ikulu, alitoa ushahidi mbele ya Bunge kuhusu sakata la Iran-Contra (kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwafadhili waasi wa Nikaragua) akiwa amepewa kinga kwamba maneno yake hayatatumika kumshtaki, televisheni zikirusha moja kwa moja. Alitiwa hatiani 1989, lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba mashahidi wa kesi hawakuathiriwa na maneno yake yale. Mashtaka yakafutwa 1991. Kwa hiyo kabla ya kumpa shahidi ahadi yoyote ili aseme, ulizeni kwanza ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kama ina faili lake.