Jipange Kabla Muhula Haujachanganya

Muhula unapokaribia, ushauri haukosekani: jitume, panga ratiba, epuka makundi mabaya. Hauna ubaya, ila haumwambii mtu Jumatatu asubuhi aanze na lipi. Miaka niliyosoma chuo, na baadaye nikiwa mkufunzi msaidizi ninayesahihisha kazi za wengine, imenifanya niamini kwamba maandalizi yenye faida kuliko yote ni kujua mapema mzigo utafika lini na una uzito gani.

Kwa hiyo anza na muhtasari wa kozi, ile karatasi inayoonyesha mada, vitabu na mgawanyo wa alama. Hutolewa wiki ya kwanza, na wengi huupitisha macho mara moja, wakaridhika kuwa wanao kwenye simu. Ikusanye ya kozi zote, kaa nayo mara moja, na uwe na karatasi moja kubwa. Orodhesha wiki za muhula kwenda chini, kisha ujaze kila jaribio, kila kazi ya kukusanya na kila uwasilishaji wa kikundi, asilimia zake zikiwa pembeni. Ukimaliza utagundua jambo ambalo wahadhiri wako wenyewe hawalijui, kwa kuwa kila mmoja amepanga kozi yake peke yake: kazi tatu au nne zimeangukia wiki moja, mara nyingi katikati ya muhula.

Wiki hiyo ukiiona ingali mbali, una la kufanya. Kazi mojawapo unaweza kuianza mapema. Au darasa zima, kupitia kiongozi wake, linaweza kumwomba mhadhiri asogeze tarehe. Ombi la namna hiyo likija mwezi mmoja kabla, wengi husikiliza. Likija usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, unajitafutia maneno tu.

Asilimia zile za pembeni usizidharau. Nimeshasahihisha ripoti za alama 5 zilizopambwa kwa rangi na michoro, zimemla mwenyewe siku kadhaa, ilhali kazi yake ya alama 30 kwenye kozi nyingine imeandikwa kwa pupa. Bidii alikuwa nayo, ila ameimwaga pasipolipa.

Kisha piga hesabu ya saa, tena kwa kalamu. Nchini Marekani kipimo cha kawaida cha krediti moja, yaani uniti ya kupimia uzito wa kozi, ni saa moja darasani na zisizopungua mbili nje ya darasa kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Katika mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, uitwao ECTS, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Chuo chako huenda kina kipimo chake, lakini mantiki haibadiliki sana: saa za darasani ni sehemu ndogo ya kazi. Chukua kozi tano za krediti tatu kwa kipimo cha kwanza. Ni saa 15 za mihadhara na 30 za kujisomea, jumla 45 kwa wiki. Mwenye kibarua cha jioni au mtoto wa kulea aziweke saa hizo kwenye wiki yake halisi aone kama zinaenea. Kama hazienei, ni heri ajue sasa, wakati dirisha la kuongeza na kuacha kozi bado liko wazi, maana hufungwa mapema na likifungwa, limefungwa.

Hata hesabu hiyo itakudanganya kidogo, kwa sababu binadamu hatujui kukadiria muda wetu wenyewe. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakiandika tasnifu ya mwisho wangemaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Iliwachukua zaidi ya 55. Ndiyo maana kila kazi ninayoiwekea siku mbili kwenye karatasi yangu naipa tatu, na zipo nyakati ambazo hata hiyo ya tatu haitoshi.

Je, usome kabla masomo hayajaanza? Kidogo, na si kozi zote. Chagua ile inayojengwa juu ya kozi iliyopita, kama takwimu ya pili au kemia, na usianze kwa kufungua madaftari. Tafuta mtihani wa zamani wa kozi ya awali, ujijaribu bila kuchungulia, ndipo urudie pale ulipokwama tu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma matini tena na tena walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini wiki moja baadaye waliokuwa wamejipima waliwapita. Na mtihani wa mwisho wa muhula hauji baada ya dakika tano.

Mambo ya usajili, ada, nywila ya mfumo wa chuo na kitambulisho yamalize kabla ya wiki ya kwanza, kwa sababu wiki hiyo ndiyo foleni huwa ndefu na mfumo huelemewa. Sina zaidi ya hapo.

Kikundi cha kujisomea kiwe cha watu watatu au wanne, na wasiwe lazima marafiki zako. Rafiki mzuri wa mazungumzo anaweza kuwa mzigo kwenye kazi ya takwimu, na kumwambia hivyo ni vigumu mkishaanza. Tafuta wanaofika kwa wakati.

Jambo la mwisho ambalo wanafunzi huliogopa bila sababu ni kumwona mhadhiri ofisini. Nenda wiki ya pili au ya tatu, kabla mlango haujajaa watu wenye malalamiko ya alama. Usiende kusema hujaelewa mada ya kwanza, kwa kuwa hapo hata yeye hajui pa kukushika. Nenda na swali moja ulilojaribu kulitatua, ukiwa na karatasi inayoonyesha hatua uliyokwama.