Gari la shujaa wangu linachekwa

SWALI: Mambo anko, mi nachora katuni, shujaa wangu yuko fresh ila gari lake kila nikilichora washkaji wanacheka, eti Noah iliyobandikwa mabawa. Nakosea wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu, usijali, hata Batman alianza hivyohivyo, 1939 alikuwa anaendesha gari jekundu la kawaida tu, ukiliona limepaki huwezi kujua la nani. 1941 ndo wakaliwekea kichwa cha popo mbele na pezi moja kubwa nyuma, hapo sasa! Kwa hiyo we chukua wino mweusi, lijaze gari lako lote libaki kivuli, ukimwonyesha mtu akamjua mwenyewe basi umepatia, akiuliza "hii nini" rudi mezani.

Halafu punguza makorokoro. Lile gari la Batman wa kwenye tivii ya 1966, fundi aliyelitengeneza, George Barris, hakuanza na bati tupu, alichukua Lincoln Futura, gari la maonyesho la 1955 ambalo tayari lilikuwa na mapezi na vioo viwili vya kuba, akalibadilisha pua, akalipaka jeusi na mistari inayong'aa. Umbo ndo lilibeba kila kitu, sio mabunduki kumi na sita uliyoweka wewe (nimeyahesabu kwenye picha uliyotuma). Na kumbuka utalichora mara mia, kwa nyuma, kwa juu, likipinduka, sasa hizo nati zote utaziweza?

Afu mlango uko wapi? Jamaa ana joho la mita mbili.