Nikikanyaga breki, fyuzi inaungua

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Noah yangu nikikanyaga breki tu, fyuzi ya ampia 15 inaungua. Jirani ananambia nitie ya 30. Nifanyeje? Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, sheikh. Ya 30 usitie abadan! Fyuzi inakufa ili waya upone. Ukitia kubwa, unaungua waya, na moto utaanzia chini ya zulia usikouona.

Wala usimalize fyuzi kwa kujaribu. Tafuta holda yenye balbu ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili, uzichomeke pale penye fyuzi. Balbu hiyo itazuia umeme usipite mwingi. Kisha toa balbu zote za breki, na ile taa ya juu ya mlango wa nyuma ichomoe, mtu akanyage breki. Balbu yako ikiwaka kali, shoti imo kwenye waya. Tikisa waya pole pole kutoka nyuma kuja mbele; itakapozima au kupepesa, umefika.

Mimi kwa Noah naanzia kwenye ule mpira unaopitisha waya, ulio karibu na bawaba za mlango wa nyuma. Waya unapinda kila mlango ukifunguliwa, ganda linapasuka, shaba inagusa bati. Na chumvi yetu ya visiwani haisaidii: mara nyingi utaikuta shaba imeshakuwa kijani. Kata mpaka ufike penye shaba inayong'aa, unga waya wa unene ule ule, lehemu kwa risasi, ndipo utie tepu. Kusokota kwa vidole tu sikutaki.

Mlangoni kukiwa hakuna kasoro, fuata waya wa tela, kama gari inao.