Mboga za Baridi Haryana: Anza Kupanga Jua Lingali Kali

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Mombasa aliyeolewa India, jimbo la Punjab, upande wa Ludhiana. Wakwe zake wamemwachia kanal nne, yaani nusu ekari, alime mboga za msimu wa baridi na pesa iwe yake. Akaniuliza: "Dada, baridi ikianza nianze na mboga gani?"

Mdogo wangu, na ninyi wengine mnaoniandikia swali la namna hiyo, baridi ikianza unatakiwa uwe unavuna. Nimeona nikujibu hapa kwa urefu, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo mimi: kushika pesa ya shamba kwa mkono wako mwenyewe, ugenini, mbele ya ukoo mzima unaokutazama.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Kwetu milimani, mwenye maji analima kabichi na karoti karibu mwaka mzima, na lori la Dar es Salaam halikosi kupita. Kwa hiyo nilipomfuata mume wangu kijijini kwao, wilaya ya Sonipat katika jimbo la Haryana, mboga niliijua. Kilichokuwa kigeni kwangu ni anga la huku. Juni joto linavuka nyuzi 40. Julai zinaingia mvua za monsuni. Mwisho wa Desemba ukungu unatanda hadi humwoni nyati wa maziwa aliyefungwa uani, na usiku mwingine umande unaganda juu ya majani. Mche huohuo unasiwa katika joto la kiangazi na kuvunwa katika ubaridi, na ukikosea wiki chache tu, basi.

Baba mkwe ana ekari tatu. Kwa India huyo ndiye mkulima wa kawaida kabisa: sensa ya kilimo ya 2015-16 ilionyesha kwamba mashamba 86 kati ya kila 100 hayafiki hekta mbili. Kwake yeye kilimo kilikuwa mpunga wakati wa mvua na ngano wakati wa baridi, na sababu anayo. Ngano ina bei iliyotangazwa na serikali, Rupia 2,585 kwa kwintali, yaani kilo 100, kwa msimu wa soko wa 2026-27. Mboga haina ulinzi kama huo. Asubuhi ya mnada ndiyo inayoamua. Nilipoomba kipande nilikuwa bado bibi harusi mgeni, nikiwa mbele yake uso nimeufunika kwa mtandio kama ilivyo desturi ya pale, na maneno yangu yakimfikia kupitia kwa mama mkwe. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo: achukue sehemu ya karibu na pampu.

Nilianza na koliflawa, kwa sababu kila mtu Sonipat anajua koliflawa ya kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ina pesa. Baada ya hapo harusi zinaanza na sherehe hazikatiki. Mbegu aliileta shemeji kutoka duka la pembejeo la mjini, duka ambalo familia imekopa na kulipa kwa miaka. Muuzaji aliapa kwamba ni mbegu ya mapema. Tukasia Juni, tukahamishia shambani Julai, mvua ikanyesha vizuri. Mimea ikapendeza! Majani mapana, ya kijani cha bluu, wapita njia wanasimama kuitazama. Septemba ikapita. Oktoba ikapita. Kila asubuhi naenda nafunua majani ya katikati kwa vidole viwili, umande unanichuruzika hadi kwenye kiwiko, na ndani hamna ua. Ni jani dogo lingine tu linajisokota. Jirani akapeleka yake soko la Azadpur, Delhi, akarudi na zawadi za Diwali kwa watoto. Yangu majani. Maua yalifunga mwisho wa Desemba, meupe pe, wakati Haryana nzima na Uttar Pradesh ya magharibi wanavuna koliflawa siku hizohizo. Bei haikufikia nauli ya gari na magunia. Mengine tuliwalisha nyati.

Muuzaji alipofuatwa akasema hatukujua kutunza. Akaongeza kwamba mwanamke wa Kiafrika ataijulia wapi koliflawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka lake, nilimsikia kwa masikio yangu, na nilishakuwa naelewa Kihindi cha kutosha. Neno lile halijanitoka hadi leo, na sitaki kujifanya limenitoka.

Nikaenda Krishi Vigyan Kendra, kituo cha ushauri wa kilimo cha wilaya. Vituo hivi vilianzia Puducherry mwaka 1974 na sasa viko karibu kila wilaya ya India. Tafadhali nendeni, msiogope lugha, msiogope macho ya watu. Mtaalamu alitazama picha kwenye simu, hakumaliza hata dakika, akaniambia mbegu ile si ya kundi la mapema. Kisha akanieleza jambo ambalo ninataka ulishike kuliko yote niliyoandika leo.

Koliflawa hufunga ua kwa kufuata joto, na kila kundi lina joto lake. Aina za mapema, kama Pusa Meghna na Pusa Deepali, zinafunga ua hewa ikiwa kati ya nyuzi 20 na 27. Hizo husiwa mwisho wa Mei hadi Juni. Za katikati, kama Pusa Sharad, zinataka nyuzi 16 hadi 20. Kitalu chake ni Julai na Agosti, na mavuno ni Novemba na Desemba. Pusa Paushja na wenzake wanataka nyuzi 12 hadi 16, wavunwe Desemba na Januari. Wa mwisho ni Snowball, kama Pusa Snowball K-1, anayesiwa mwisho wa Septemba na Oktoba. Ukimpanda wa baridi wakati wa joto, atakaa anaota majani akisubiri baridi yake, kama walivyofanya wangu. Ukimchelewesha wa mapema hadi baridi iingie, atatoa kiua cha ukubwa wa kifungo na kuishia hapo. Mbolea haiwezi kusahihisha hilo. Dawa haiwezi. Sala nazo, Mungu anisamehe, sijaziona zikisahihisha.

Kwa hiyo usinunue mbegu kwa maneno ya mdomo. Pakiti iwe imefungwa, jina la aina liwe limechapishwa, tarehe isomeke, na risiti uidai hata kama muuzaji ni rafiki wa baba mkwe. Hasa kama ni rafiki wa baba mkwe.

Nyumbani kwetu kuna kalenda ya ukutani, zile za bure zenye visanduku vikubwa, ambamo mama mkwe huandika lita za maziwa yaliyouzwa kila siku. Niliomba ruhusa niandike humohumo kwa kalamu nyekundu. Naanza na siku ninayotaka kuuza, kisha narudi nyuma: siku za kukomaa shambani, wiki nne hadi tano za kitalu, wiki moja ya kuandaa matuta na samadi iliyooza vizuri. Ninapoangukia, hapo ndipo pa kusia. Diwali nayo inahama. Mwaka jana ilikuwa 20 Oktoba, mwaka huu wa 2026 ni 8 Novemba. Anayesia kwa tarehe za mwaka jana atafika sokoni karibu wiki tatu kabla ya wanunuzi wa sikukuu.

Jambo la pili ni kutopanda vyote pamoja. Kipande changu nimekigawa, na kila sehemu ina tarehe yake, ili wiki moja ikiwa mbaya sokoni, nyingine iniokoe. Koliflawa ya mapema inapotoka, ardhi hailali: inaingia njegere. Arkel ndiyo ninayoipenda, inakomaa haraka. Mimi huipanda mwanzo wa Oktoba. Wapo wanaowahi Septemba kwa tamaa ya bei, na joto likiwa bado lipo mizizi inaoza na mimea inanyauka safu kwa safu. Karoti nyekundu, Pusa Rudhira, naipanda Septemba juu ya matuta ya udongo laini. Desemba kila nyumba Delhi inapika halwa ya karoti, na ile ya rangi ya machungwa hawaitaki kwa kazi hiyo. Pembezoni mwa hayo yote ni uwatu, spinachi na giligilani, za kukatwa ndani ya mwezi mmoja. Hizo ndizo zinazolipa vibarua wakati koliflawa bado inakula tu.

Msimu uliopita koliflawa yangu ilifika Azadpur kabla ya Diwali. Gari liliondoka usiku ili likute mnada wa alfajiri, mume wangu akapiga simu kabla jua halijatoka, na sauti yake ilinieleza bei kabla hajaitaja. Ilikuwa bei ya juu kuliko ya yeyote kijijini wiki ile. Ninasema hivi waziwazi kwa sababu nimechoka kuambiwa mwanamke asijisifu. Baba mkwe hakusema kitu siku ile. Siku chache baadaye alikuja uani na kiti chake cha kamba, akakaa, akaniuliza mwenyewe, bila kumpitia mama mkwe, njegere tunapanda tarehe ngapi. Tunapanda! Mwaka huu ameondoa mpunga kwenye kipande kingine na kunipa.

Sasa nikuambieni, wadogo zangu: hakuna atakayekuheshimu kwa kulalamika. Wengi wenu mnaniandikia mkilia kwamba hamsikilizwi. Nalijua chozi hilo. Lakini shamba lina tarehe, na tarehe haijali wewe ni bahu, mke wa mwana, wa wapi. Amka, nenda kituoni, uliza, andika, rudi kauliza tena. Ukija na koliflawa kabla ya Diwali, watakusikiliza.

Na baridi yenyewe usiidharau. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi Januari, mchana ukiwa mweupe na upepo umekatika jioni, anga halina wingu, ujue usiku umande unaweza kuganda. Jioni hiyo mwagilia kidogo. Udongo wenye maji hutunza joto. Kitalu cha vitunguu kifunike kwa manyasi, ufunue asubuhi. Sisi tunasimamisha ukuta wa manyasi marefu ya sarkanda upande wa kaskazini-magharibi, kule upepo wa baridi unakotokea. Ukungu ukishika siku kadhaa, viazi vichunguzwe kila asubuhi chini ya majani: bakajani chelewa ikianza leo, wiki ijayo huna shamba. Kunyunyizia dawa ya kinga kabla ya ukungu ni gharama ndogo kuliko kukimbizana na ugonjwa. Ukungu pia unachelewesha magari kwenye barabara kuu ya Delhi, na mzigo uliofika baada ya mnada unauzwa kwa huruma ya dalali. Wakati huo mimi huuza soko la wilaya hata kama bei ni pungufu kidogo.

Kwa walioko Haryana, kuna mpango wa serikali ya jimbo ulioanza 2018 wa kumfidia mkulima bei ya mboga inapoanguka chini ya kiwango kilichowekwa. Ulianza na viazi, vitunguu, nyanya na koliflawa. Lakini unamhusu aliyejiandikisha ndani ya muda, tena kwa zao hilo hasa. Mwaka ule wa majani hakuna aliyetuandikisha, na karani wa ofisi moja, kwa uso usio na aibu, alituambia turudi mwakani. Jiandikishe siku ileile unayosia, usiahirishe.

Narudi kwako, dada wa Ludhiana. Leo ni Agosti na mvua bado zipo. Koliflawa ya mapema imeshakupita, usidanganywe na mtu yeyote dukani. Wiki hii inua kitalu sentimita 15 juu ya ardhi ili maji yasituame, kiache kipigwe na hewa, kisha sia humo koliflawa ya aina ya katikati, ya kutosha kanal moja. Mbegu zisibanane, kinyaushi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, kinapenda msongamano. Kanal ya pili iwe karoti Septemba. Ya tatu njegere, Oktoba joto likishuka. Ya nne kata uwatu na spinachi hadi Desemba, huku miche ya vitunguu uliyoisia mwisho wa Oktoba inakua pembeni, kisha uihamishie hapo kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Ukibaki na ukanda mtupu karibu na maji, Desemba panda matango chini ya handaki fupi la plastiki, yaani plastiki iliyotandazwa juu ya matao mafupi, ya kuvuna kuanzia Machi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kiko hapohapo mjini kwenu. Mbegu nunua huko, nenda mwenyewe, na ukishasia niandikie tarehe.