Mkono Unaruka Kabla ya Maumivu: Majibu kwa Wasomaji

Mimi ni mama lishe. Nikigusa sufuria ya moto mkono unaruka kwanza, maumivu nayasikia baadaye. Inakuwaje?

Umeona sawasawa, mama. Ngozi ya vidole ina vipokezi vya joto na maumivu. Vikishtuka, taarifa hupita kwenye neva hadi kwenye ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, na humo humo mkono huamriwa kujikunja. Ubongo huletewa habari mkono ukiwa umeshaondoka. Tena maumivu yenyewe huja mara mbili: kwanza makali kama ya sindano, kisha yale mazito yanayokaa. Neva zinazobeba haya ya pili ni nyembamba sana, mwendo wake ni kama mita 1 tu kwa sekunde.

Pilipili ukiishika haina moto. Mbona ulimi unaungua?

Ulimini kuna kipokezi kinachoamka joto likipita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili, hukiamsha hicho hicho, na ubongo unaamini umeungua kweli. David Julius wa Marekani alikitambua mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini hiyo, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Maji hayatakusaidia, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Kunywa maziwa.

Daktari alinigonga chini ya goti kwa kinyundo. Alitafuta nini?

Alikuwa anapima njia ya neva. Msuli wa paja ukivutwa ghafla hujikaza, mguu ukaruka. Usiporuka, au ukiruka kupita kiasi, ataendelea kuchunguza.

Baba ana kisukari. Juzi alikanyaga msumari, hakujua mpaka jioni tulipoona damu kwenye kandambili.

Swali hili limenikaa moyoni. Sukari ikibaki juu miaka mingi huharibu neva, mara nyingi zikianza zile ndefu zinazofika miguuni. Hapo mguu haujivuti tena, na mtu hutembea juu ya kidonda chake. Kila jioni mkalishe penye mwanga, mtazame nyayo na katikati ya vidole. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, baba asiyajaribu kwa mguu. Na kidonda hicho kipelekeni zahanati leo, mkaulize na chanjo ya pepopunda, hata kama anasema hakimuumi.