Je, 1,000,001 ni nambari tasa?

Mama wa Kondele, umesema kijana wako ameigawa 1,000,001 kwa nambari tasa zote hadi 97, kila mara kukabaki kitu, na sasa anaapa kuwa nayo ni tasa. Masikini, aliishia mlangoni! Inayofuata 97 ni 101, na hiyo ndiyo inayoigawa. Hakikisheni: 9,901 mara 100 ni 990,100, ongeza 9,901 moja, mnafika 1,000,001 kamili.

Kabla ya kuapa, angejaribu hadi kipeuo cha pili, yaani 1,000 hivi. Chini ya hapo kuna nambari tasa 168, kazi ya jioni nzima bila kikokotoo. Hiyo 9,901 asiisumbue, ni tasa.