Wanaochezacheza kwenye pipa la maji
Hao unaowaona wakijinyonganyonga pipani ndio mbu wenyewe, ndugu, ila bado wachanga. Yai likianguliwa anatoka kiluwiluwi. Anakula, ngozi inambana, anajivua gamba. Mara ya nne anakuwa pupa: amejikunja kama alama ya mkato, kichwa kikubwa, hali chochote, lakini ukitikisa maji anazama upesi! Baada ya siku mbili hivi mgongo unapasuka, mbu anasimama juu ya ganda lake tupu mpaka mabawa yakauke. Kwenye joto, safari nzima ni wiki moja hadi mbili. Mwaga maji, sugua pipa kila wiki, hawatawahi kuruka.